Anayepisha Arudi Mwisho

Ilikuwa Idi pili, Jumapili, saa nne na robo asubuhi, nami nilikuwa nimemsimamisha mtoto wa miaka tisa kwenye kijiti cha kupimia urefu. Kiganja changu kimoja nilikuwa nimekilaza juu ya kichwa chake, ili nywele zilizosukwa kwa ajili ya sikukuu zisimwongezee kimo. Kijiti kilikuwa na mstari mwekundu, na aliye chini ya mstari ule hakupanda treni ya joka, hata awe mtoto wa nani. Mtoto huyo, Rukia, alikuwa ameshapimwa Idi ya mwaka uliotangulia akakosa kwa upana wa vidole viwili, akarudi kwao Mtoni na koni ya aiskrimu aliyoiacha iyeyuke mkononi. Safari hii niliinama, nikautazama mstari, nikaona ameuvuka kwa upana wa kidole kimoja, tena kidole chembamba.

"Umepita," nilimwambia.

Aligeuka kumtafuta bibi yake, Bi Somoe, aliyekuwa ameketi kwenye ukuta mfupi na kapu lake mapajani. "Bibi, nimepita."

"Si nilikwambia ule kisamvu? Mama yako anadhani nakuonea." Bi Somoe alijifunga upya mtandio wake. "Haya, rudi kwenye foleni. Mie nitakuwa hapa nakutazama. Kesho alfajiri narudi Lindi, nataka niwe na la kuwasimulia wenzangu."

Kwa hiyo Rukia alikuwa amengoja mwaka mzima ili akue, na bibi yake alikuwa na siku hiyo tu mjini. Naomba mlikumbuke hilo, vijana wangu mnaopokea filimbi na kamba kutoka mikononi mwangu, kwa sababu nitalirudia. Nimestaafu mwezi uliopita kwa hiari, baada ya miaka ishirini na sita ya kusimamia foleni katika bustani yetu ya michezo hapa kando ya Barabara ya Kilwa. Meneja ameniomba niwaandikie "mambo machache ya kazi". Nimejaribu kuyaandika kwa namba, moja mpaka kumi, nikaona yamekuwa kama masharti nyuma ya tiketi, ambayo hakuna ayasomaye. Heri niwasimulie.

Nilikuja hapa na shahada ya sosholojia. Baba yangu, aliyeuza mahindi Songea ili nisome, alipoambiwa kwamba binti yake anashika kamba watu wasitangulie, aliuliza kama kamba hiyo ni ya serikali. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe kwa miezi ya mwanzo niliwaambia wenzangu wa chuo kwamba niko "kwenye sekta ya burudani". Leo nasema nilikuwa msimamizi wa foleni, na ninalisema nikiwa nimenyoosha mgongo. Mtu aliyewahi kuwatazama watu elfu wakingoja kitu kimoja kwenye jua la Temeke bila kupigana, akajua kwamba amani ile ni kazi ya mikono yake, hana haja ya kuazima cheo.

Aliyenifundisha ni Mzee Nandonde, Mmakonde aliyekuwa mchongaji kabla macho yake hayajachoka. Ndiye aliyechonga vile vibao vya mpingo vyenye namba ambavyo bado mnavitumia. Wengi hudhani ni pambo. Historia yake ni hii: zamani watu walizoea kuweka nafasi kama wanavyoweka bombani, ndoo ikisimama badala ya mtu. Hapa kwetu waliweka kandambili. Asubuhi moja ya mwaka mpya nilikuta foleni ya kandambili kumi na tisa, chupa ya maji, na kofia moja, na wenyewe wote wako kivulini wanakula mihogo. Nikaona huu ni ujanja, nikazikusanya zote nikazitupa kwenye kapu. Dakika tatu baadaye nilizungukwa na watu wasio na viatu.

Mzee Nandonde alizitoa kandambili moja moja, akiuliza hii ya nani, hii ya nani, na maajabu ni kwamba walikumbuka mpangilio wote, nani alikuwa nyuma ya nani, bila kubishana. Baadaye akaniambia, "Binti, hawa hawakuiba nafasi. Walifika, wakakaa chini. Foleni ni ya zamu, siyo ya miguu. Wewe umeadhibu watu kwa kukaa."

Ndipo akachonga vibao. Mjamzito, mzee, mwenye gongo, mwenye mtoto mgongoni, hupewa kibao chenye namba ya mahali alipofikia na kwenda kukaa kwenye benchi. Zamu yake ikija, anaitwa. Hajatangulia mtu na hajaumia. Watu wa nje wakija kututembelea hushangaa, huuliza tumejifunza wapi. Tumejifunza bombani.

Msidhani kwamba kila anayetaka kutangulia ni mwenye shida. Kuna wale wa "nampelekea mwanangu maji", ambao wakishampelekea hawarudi. Kuna wa "nilikuwa hapa, nikaenda msalani", na dawa yake ni kutomuuliza yeye. Mwulize aliye nyuma yake, tena mwulize alikuwa amevaa nini. Kuna Pasaka moja nilimruhusu mama mwenye mtoto mchanga wa kofia ya njano akaribie mbele. Baada ya nusu saa akaja mama mwingine, naye ana mtoto wa kofia ya njano. Wa tatu alipokuja nilimshika mtoto kidole, akanicheka kama mtu tunayefahamiana.

"Huyu anaitwa nani?" nilimwuliza mama.

Akafikiri kidogo. "Tunamwita Baba."

"Na mama yake yuko wapi?"

"Yupo kule kwenye bembea, anamsubiri," alisema, kisha akatambua alichokisema, akacheka mwenyewe mpaka akaketi chini. Mtoto yule alikuwa na mama watatu kabla ya adhuhuri, na wote walimbeba vizuri. Nilimrudisha mwisho wa foleni, mtoto nikambeba mimi mpaka kwa mwenyewe.

Jambo jingine: msiwaambie watu "subirini". Neno hilo halina mwisho. Waambieni mizunguko mingapi imebaki. "Mama, mizunguko minne, wewe ni wa tano." Mtu akijua idadi anaweza kuvumilia hata mara mbili ya muda ambao angevumilia bila kujua. Na foleni iwe inajikunja, isinyooke, ili wanaongoja waonane nyuso. Mtu huona haya kumtangulia anayemtazama machoni. Mgongo hauoneshi haya.

Sasa nirudi kwenye Idi ile.

Treni ya joka ilikuwa na viti kumi na viwili. Rukia alikuwa wa tisa. Nilikuwa nimeshika kamba, mzunguko uliotangulia unashuka, ndipo nikasikia sauti ninayoijua.

"Mngoni, bado wamekufunga kwenye kamba? Nilidhani wamekuachia ukale majani."

Alikuwa Mwalimu Kalinga, anayefundisha shule ya msingi huko Segerea. Ni Mkristo kama mimi, lakini sikukuu za mji huu ni za wote, na kila Idi alikuja na watoto, wake na wa majirani. Siku hiyo walikuwa sita. Yeye ni Mhehe, mimi ni Mngoni, na mnajua hiyo maana yake nini: tangu babu zetu walipoacha kupigana vita, tumeachiwa utani. Mhehe aweza kuingia jikoni kwangu akafunua chungu na sufuria, nami sina ruhusa ya kukunja uso.

"Mhehe, mwisho wa foleni uko kule kwenye tangi la maji," nilimwambia.

"Kule ni kwa watu. Mie ni mtani. Babu yako alipokimbia kwetu Iringa aliangusha mkuki, hajaurudia mpaka leo. Pisha watoto, mkuki naendelea kukutunzia."

"Aliyekimbia ni babu yako. Alisahau hata viatu."

"Hakuwa na viatu. Fungua kamba, mwanamke, watoto wanaungua jua."

Foleni ilicheka. Wanaume wawili wa mbele walimpigia makofi. Nami nilikuwa nacheka, na kamba ikawa imefunguka mkononi mwangu kabla sijafikiri. Watoto sita waliingia, kisha sita wa foleni, na treni ikajaa. Rukia sasa alikuwa wa tatu katika mzunguko unaofuata. Nilimkonyeza kwamba asijali. Yeye hakuwa amecheka, wala bibi yake.

Treni ikiwa katikati ya mzunguko, mvua ilikuja kutoka upande wa Mbagala, ikatufikia kwa mara moja kama mtu aliyemwaga beseni. Kanuni ya reli ni moja: zikilowa, tunafunga. Tulifunga. Mvua ikanyesha mpaka alasiri, na fundi akasema hapandishi mtu tena siku ile.

Niliwakuta Bi Somoe na Rukia wamejibanza chini ya paa la chumba cha tiketi. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia vizuri, kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Mwanangu, sie tulifika saa mbili, geti linafunguliwa. Wale watoto sita walifika saa ngapi?"

"Walifika wakati ule ule ulipowaona, mama. Yule ni mtani wangu."

"Aa." Alimfunika Rukia kichwa kwa upindo wa kanga yake. "Basi sie hatukuwa na mtu."

Nimesoma vitabu vingi juu ya haki katika jamii, na vingine nilivifanyia mtihani nikafaulu. Hakuna sentensi iliyonifundisha kazi yangu kama hiyo. Ni sentensi tunayoisema kila siku: ofisini, hospitalini, mtoto akitafutiwa shule. Fulani amepata kwa kuwa ana mtu. Fulani amekosa, hakuwa na mtu. Nilikuwa nimejivuna kwamba kwenye kamba yangu hakuna "mtu". Kumbe alikuwepo, na alikuwa mimi.

Siku iliyofuata, Jumatatu, baada ya kazi nilikwenda Segerea kumgombeza Mwalimu Kalinga. Nilimkuta nyumbani kwake anasahihisha madaftari, nikamwambia yote, mstari mwekundu, kidole kimoja, mvua, safari ya Lindi. Alilifunga daftari bila kunitania, jambo ambalo kwa Mhehe mbele ya Mngoni ni dalili ya ugonjwa.

"Siku ukifa," alisema hatimaye, "nitakuja msibani kwako. Nitaingia kaburini nilale humo, na sitatoka mpaka wanao wanipe jogoo. Jogoo huyo atakuwa wa nani?"

"Wa kwangu."

"Nikienda kumkamata jogoo wa jirani yako je?"

"Utapigwa, na wanangu watasaidia kukupiga."

"Basi. Mie nilikutania wewe, Mngoni. Wewe ukanilipa kwa jogoo wa jirani."

Nikamwuliza, sasa ningekupa nini? Akasema ningempa nafasi yangu. Nikamwambia mimi sikuwa kwenye foleni, mimi nilikuwa nimeshika kamba tu.

"Kwa hiyo hukuwa na kitu cha kunipa," alisema, akarudi kwenye madaftari yake. Kisha, kwa kuwa utani haufi: "Wangoni mmezoea kugawa vya kuteka."

Kutoka hapo ndipo ilipopatikana kanuni mliyoikuta imeandikwa kwenye ubao wa bluu: ANAYEPISHA ARUDI MWISHO. Wengine wameicheka kwa ufupi wake. Maana yake ni kwamba hapa hatukatazi huruma, hatukatazi utani, hatukatazi heshima kwa wakubwa. Ukimwona mzee wako, mwalimu wako, shemeji yako, mtani wako, na moyo wako ukataka atangulie, mtangulize. Mpe mahali pako, nawe uende kwenye tangi la maji. Walio nyuma yako hawatapungukiwa na kitu. Mwanzoni nilidhani kanuni hii itaua ukarimu. Haikuuua. Nimewaona vijana wakiwapisha kina mama wasiowafahamu na kurudi mwisho wakipiga mluzi. Nimemwona bwana mmoja mwenye tumbo akimpisha bosi wake, akatembea kuelekea nyuma taratibu sana, akigeuka kila hatua kuona kama bosi anatazama. Kilichokufa ni ukarimu wa kutoa cha mwenzako, na huo sikuulilia.

Na wewe uliyeshika kamba huna mahali. Hilo ndilo gumu kulikubali, kwa sababu kamba inampa mtu hisia kwamba ana kila kitu.

Kanuni hiyo ilinisaidia miaka mingi baadaye, ulipokuja ule mkanda wa dhahabu. Meneja wa wakati huo alikuwa kijana wa heshima, aliyeniamkia kila asubuhi hata siku tulizogombana. Alitaka tufungue mlango wa pembeni: anayelipa zaidi anafungwa mkanda mkononi, anapita mbele ya foleni yote.

"Mama Ngonyani, duniani kote wanafanya hivi," alinieleza.

"Sikatai. Nafasi tutakayoiuza ni ya nani?"

"Ya bustani."

"Bustani ina viti, mwanangu. Nafasi ni ya aliyesimama."

Tulibishana kwa majuma mawili, na sikumshinda kabisa. Tulichokubaliana ni kwamba mkanda utumike saa moja asubuhi, geti la wote likiwa bado halijafunguliwa, ili anayelipa zaidi anunue saa yake mwenyewe na asipite mbele ya uso wa mtu aliyekwisha kupanga. Sijaridhika moja kwa moja mpaka leo. Yupo mtoto anayefika saa moja na nusu kwa miguu na kuona kwa nje wenzake wakipanda, na sina jibu la kumpa. Hilo nawaachia nyie, na natumaini mtalipata. Lakini mchana, foleni ikishajikunja, hakuna mkono wenye dhahabu unaopita mbele ya mkono mtupu, na kwa hilo nadai sifa yangu bila haya.

Siku ya kuniaga mlinipigia vigelegele, mkanipa kitenge na saa ya ukutani. Wengi mliniuliza yule dada mrefu aliyeketi meza ya nyuma ni nani. Ni muuguzi, anafanya kazi Temeke. Alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniambia, "Nakuazima tu, mama. Ukimaliza kuinakili nirudishie." Mimi sikuwa nimeweka nakala. Niliiandika majuma matatu baada ya Idi ile ya mvua, nikampa Mzee Nassor, mwenye duka la jumla Mtoni, kwa kuwa kwenye daftari letu la watoto wanaopotea Bi Somoe alikuwa ameandikisha anwani ya mjukuu wake kuwa ni nyuma ya duka hilo. Hii hapa, neno kwa neno.

*

Mpendwa Rukia,

Mimi ni yule mama wa kijiti cha kupimia. Natumaini hujambo na kwamba unaendelea kurefuka.

Siku ya Idi ulikuwa wa tisa na treni ina viti kumi na viwili. Ulistahili kupanda. Hukupanda kwa sababu mimi niliwapitisha watoto sita mbele yako, na mvua ikaja. Mvua si kosa langu. Watoto sita ni kosa langu. Nakuomba radhi, na naomba umsomee bibi yako maneno haya pia.

Nimeambiwa na Mzee Nassor kwamba Bi Somoe atarudi kutoka Lindi kwa Idi ya kuchinja. Wenzangu wameniambia nikupitishe mlango wa wafanyakazi siku hiyo, ili uwe wa kwanza kupanda. Nimekataa, na nataka ujue kwa nini. Siku hiyo atakuwepo mtoto mwingine aliyefika saa mbili, ambaye hakukukosea chochote.

Nitafanya hivi. Nimeomba ruhusa ya siku hiyo. Nitafika kabla ya geti kufunguliwa, nitakata tiketi kama watu wote, na nitapanga foleni. Njooni taratibu, bibi asikimbizwe. Mkifika mtanikuta mahali nilipofikia, iwe wa kumi au wa thelathini. Utaingia mahali pangu, nami nitarudi mwisho.

Mwambie bibi yako kwamba siku ile alisema hamkuwa na mtu. Siku hiyo mtakuwa na mtu, na mtu huyo atakuwa kwenye foleni.

Wako,
Mama Ngonyani